Mzunguko Mmoja kwa Afya

Ukungu wa Aprili hapa kwetu Dobruja haufukuziki. Hukaa juu ya uwanda mpaka uchoke wenyewe, na wakati huo wote huwezi kujua uzio wa jirani uko wapi, wala kama jirani mwenyewe bado yupo. Asubuhi niliyoamua kupambana na filta ya Belcho, ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani ya banda, nikawa nasikia oili ikidondoka kabla sijaiona. Tone, kimya, halafu tone jingine.

Belcho ni trekta yetu. Mume wangu Tinko aliipa jina la maksai wa babu yake, yule aliyechukuliwa na ushirika huku akitokwa na machozi. Ndivyo wanavyosimulia ukoo wao, na ukoo huo unajua kutia chumvi. Trekta yenyewe ni nyekundu, kuukuu, taa yake moja imepasuka, na katika ndoa yangu yote imehurumiwa kuliko mimi. Sina kinyongo. Nimetaja tu ili ijulikane nilikuwa nimelala chali chini ya nani.

Tinko alipigwa na kiharusi mwezi Januari akiwa anapasua kuni. Mkono wa kulia ukafa, mguu wa kulia ukabaki nusu, mdomo ukaenda upande. Maneno yalirudi baadaye, mazito kidogo, lakini mwenyewe hakurudi. Alitaka kitanda chake kigeuzwe kitazame ukuta. Daktari akasema anaweza kutembea na mkongojo, hata kutoka uani akipenda, naye akajibu kwamba uani hana shida na mtu. Siku ya kwanza ya Machi nilimfunga uzi mwekundu na mweupe kwenye kifundo cha ule mkono uliokufa, kama tunavyofungana sote, na kama sote alitakiwa akae nao mpaka amwone korongo wa kwanza au mti uliochanua, ndipo autundike tawini. Kijiji kizima walikwisha kutundika nyuzi zao. Wa Tinko ulikuwa bado mkononi, umeanza kuwa wa kijivu, kwa sababu ukutani hapiti korongo.

Kisha akaja Kamburov, anayekodi mashamba ya nusu ya kijiji. Si mtu mbaya. Alivua viatu mlangoni, akanywa kahawa, akasema akilima yeye hatutasumbuka na chochote tena. Alipoondoka, Tinko akauambia ukuta:

"Mwashe Belcho. Akienda, tunapanda alizeti wenyewe. Asipoenda, mpe Kamburov. Shamba, banda, kila kitu."

Nilimwasha. Akaitika mara moja, mzee wa watu, akatetemesha mabata wote. Lakini injini ilipopata moto tu, filta ya oili ikaanza kuvuja, kwanza kama pua ya mtoto, halafu kama bomba. Nikazima. Trekta inayovuja hivyo ukiipeleka shambani inafia hukohuko. Ilibidi filta itoke, iingie mpya, na filta haikutaka kutoka.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku ya kiharusi chenyewe. Siku ile nilikuwa na kazi ya kufanya, kukimbia, kupiga simu, kupiga kelele. Lakini nilijua kwamba Kamburov akishachukua ardhi, Tinko hatageuka tena kutoka kwenye ukuta ule, na nitaishi miaka iliyobaki nikizungumza na mgongo.

Kwa nini filta ilikaza vile, nilidhani najua. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, vuli iliyopita, siku tunapowaaga vibarua na kuingiza mashine bandani. Tinko alimhudumia Belcho kama kila mwaka, oili mpya, filta mpya. Akawasha kujaribu, na filta ikavuja. Akaikaza kidogo zaidi. Ikavuja. Hapo ndipo wageni wakaanza kupita kwa ajili ya kikombe cha rakia, pombe yetu kali ya matunda, na unajua tulivyo. Kwetu mtungi wa kachumbari haufungwi, wala gurudumu halikazwi, bila mwenyewe kuongeza mzunguko mmoja mdogo mwishoni na kusema "Kwa afya!" Akiwepo mgeni, naye hupewa aongeze wake. Kumnyima ni kumtakia mabaya. Basi mpeleka barua akaongeza wake. Jirani akaongeza wake. Padri, aliyekuja kwa shughuli zake nyingine kabisa, akaweka glasi chini, akakunja mikono ya joho na kuongeza wake kwa koleo. Kitu ambacho hata kwenye boksi lake kimechorwa mkono mtupu, kisikazwe kwa chombo! Matone yakakoma, tukashangilia, tukaimba mpaka mbwa wakachoka kutubwekea.

"Shemeji!" sauti ikatoka kwenye ukungu. "Uko hai, au tuanze kupika vya matanga?"

Alikuwa Nayden, jirani yetu wa upande wa mto.

"Nikifa wewe ndiye utakayenifukia," nikasema, "maana ndiye uliyekaza laana hii."

"Mimi? Mimi niligusa tu, kama mtu anayemshika mchumba mkono. Aliyekaza ni padri. Yule ana mikono ya kubomoa daraja, tatizo ni uvivu."

Akainama, kofia ikamwangukia usoni, akachungulia. Nayden ni mtu mwema na fundi wa kutosha, lakini hapa kijijini, ukinitoa mimi, hakuna anayemwita Nayden. Anaitwa Ringi Mbili. Akiwa kijana kwenye ushirika, alibadilisha filta ya trekta moja akasahau kubandua ile ringi ya mpira ya zamani iliyokuwa imegandia kwenye injini. Akafunga filta mpya na ringi yake juu ya ile ya zamani. Mpira juu ya mpira haushiki. Trekta ilifika katikati ya shamba, ikatema oili yote, injini ikafa. Tinko ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Akaziinua zile ringi mbele ya watu wote, akasema: "Mtu anayeacha hii chini ya hii, akili yake imeshahama nyumbani, imebaki kofia." Jina likamganda Nayden tangu siku hiyo. Hata mkewe humwita hivyo akikasirika. Tinko hajawahi kumwita vingine, hata harusini kwake, hata msibani kwa mama yake. Na baada ya kiharusi, Tinko alipokuwa bado bubu, Nayden akaja kumjulia hali, mume wangu akamtazama, akahangaika na mdomo wake ulioenda upande, na neno la kwanza kutoka likawa "Ringi." Nayden alilia kwa furaha kama aliyetunukiwa medali.

"Kaka Tinko anasemaje?" akaniuliza sasa, akipunguza sauti.

"Hasemi. Anasikiliza."

Sote wawili tukageuka kutazama dirisha la jikoni, ambako kitanda kilikuwa. Ukungu ulikuwa umelifuta. Palikuwa na mwanga wa manjano tu unaoelea, hauna nyumba.

Tukaanza na mikono mitupu, kila mmoja na matusi yake. Nikaizungushia filta msasa ili mkono usiteleze, nikavuta mpaka nikaona nyota, msasa ukaondoka na ngozi ya kiganja changu. Nikaleta mkanda wa Tinko, ule wa ngozi wa Jumapili, tukaufunga kwenye filta na kuupindisha kwa mpini wa jembe. Mkanda ukalia, ukanyooka, ukakatika. Nayden akaanguka juu ya ndoo.

"Hii haijafungwa," akasema akijipangusa. "Hii imeolewa."

"Funga mdomo uvute."

"Shemeji, nisikilize. Tunapigilia bisibisi, inaingia huku inatokea huku, halafu tunaizungusha kama usukani. Ushirika tulifanya hivyo kila wiki."

"Na ikipasuka?"

"Haitapasuka."

Ilipasuka. Bisibisi iliingia vizuri, ikatokea vizuri, Nayden akaning'inia nayo kwa uzito wake wote, na bati la filta likachanika kama mfuko wa karatasi. Oili nyeusi ikamwagika juu ya mikono yetu, juu ya beseni, juu ya majani makavu. Tulivuta vipande vya bati kimoja kimoja, mpaka kikabaki kile kisahani kinene cha chini, duara la chuma lililobana kwenye injini, halina mahali pa kushika. Sasa hata ile trekta inayovuja hatukuwa nayo. Tulikuwa na trekta yenye tundu.

Nayden alivua kofia. "Nitaenda kwa shemeji yangu kijiji cha pili," akasema. "Ana spana ya mnyororo. Usiguse kitu."

"Niguse nini? Umeacha nini cha kugusa?"

Akaenda, ukungu ukamfunga nyuma yake. Nilimtukana mpaka hatua zake zikapotea, halafu hasira ikaniishia, nikabaki na huzuni tupu, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Nikajilaza juu ya gunia chini ya Belcho. Juu yangu oili iliyobaki ilidondoka polepole kwenye beseni. Mahali fulani juu ya bomba la moshi la shule korongo alikuwa anagonga mdomo wake, taka-taka-taka, kama mtu anayepiga mashine ya kushonea mbali sana. Jua lilikuwa linautafuta uwanda kupitia ukungu, na kila kitu kikawa cheupe, cha vuguvugu, bila kingo. Nadhani nililala.

Wakaja mmoja mmoja kutoka kwenye weupe ule, wamevaa vya sikukuu. Mpeleka barua aliinama, akaigusa filta, nayo ilikuwa nzima tena, akairudisha nyuma kidogo tu. "Kwa afya, Velika," akasema, akautia mzunguko wake mfukoni kama njugu. Padri akauchukua wake, akaufuta na joho. Nayden akauchukua wake akaomba radhi. Hakuna aliyetumia nguvu. Kila mmoja alikuja tu kuchukua kilicho chake, na filta ikalegea, ikalegea, nikahisi kifua changu nacho kinalegea. Akabaki mtu mmoja, amenipa mgongo. Mgongo ule naufahamu kuliko uso wangu. Alikuwa ameishika filta kwa mkono wake wa kulia, ule wenye nguvu, na haizungushi. Aliigeuza tu, akaitazama, akaigeuza tena.

"Velika," akasema bila kugeuka, "huu ni upande gani?"

Nilitaka kumjibu na sauti haikuwepo. Nilijua upande. Mtoto mdogo anaujua upande. Nilifungua mdomo na mdomoni hamkuwa na kitu.

Kikagonga kitu. Si korongo. Mti juu ya jiwe, halafu kitu kikiburutwa, halafu mti tena. Nikafumbua macho, na karibu na gurudumu la mbele la Belcho zilisimama ndala za Tinko za sufu, zile za chumbani, zimelowa umande, na pembeni yake mguu wa mkongojo.

Sikusogea. Niliona kwamba nikisogea zitayeyuka.

"Mmemchinja," ndala zikasema.

"Tumemchinja," nikasema.

"Nani alipiga bisibisi?"

"Nayden."

"Ringi Mbili," akanirekebisha. Halafu akapumua kwa muda, maana kutoka jikoni hadi bandani ilikuwa safari ndefu kuliko zote alizofanya mwaka huo. "Kelele zenu. Nimeshindwa kulala. Mnampiga kama mnamdai."

Nikatoka chini ya trekta. Alikuwa amevaa pajama na koti lake la kazi juu, mkono mmoja tu ndani ya koti, mwingine unaning'inia na uzi wake wa kijivu. Ndevu hazijanyolewa. Uso mweupe. Nilitaka kumkumbatia na nilikuwa nimejaa oili, kwa hiyo nikamfokea. "Umetoka na ndala! Unataka homa ya mapafu juu ya haya yote?"

"Chemsha maji," akasema.

Nilipoleta birika alikuwa ameshakaa kwenye kreti la bia, ameegemea gurudumu, uso karibu kabisa na kile kisahani. Akaniambia nimwagie maji pole pole kuzunguka kisahani, si kwenye tundu. Mvuke ukapanda, ukachanganyika na ukungu, kwa dakika moja sikumwona kabisa, nikasikia sauti tu, ile sauti ya kale ya fundi mkuu. "Mpira ukipata joto unasahau ulichokuwa umeng'ang'ania. Tena. Basi. Lete tindo ndogo na nyundo ndogo. Ile ndogo, Velika, si ile ya ng'ombe."

Akaishika tindo kwa mkono wa kushoto, akaiegemeza kwenye ukingo wa kisahani kwa mshazari, ikitazama upande wa kufungulia.

"Mimi nashika. Wewe unapiga."

Nikaitazama nyundo. Nikautazama ule mkono, vidole vyake vyote karibu na kichwa cha tindo, hakuna nafasi ya kukosea. "Sipigi," nikasema. "Huo ndio mkono pekee uliokubakia."

"Basi lenga."

"Tinko, nikikosea nitakulisha kwa kijiko mpaka tufe."

"Supu yako naijua. Lenga vizuri."

Nikapiga. Nilipiga kwa woga, nyundo ikabusu tindo na kuteleza. Hakuvuta mkono. Nikapiga tena. "Usimpige," akasema kwa upole. "Mwamshe. Kama unamwamsha mtu aliyechoka." Nikapiga hivyo. Yeye akasogeza tindo upana wa kidole kuzunguka ukingo, nikapiga, akasogeza, nikapiga, na baada ya muda hatukuhitaji kuambiana. Niliacha kuona mkono. Niliona ncha ya chuma na duara la chuma, na mlio, na ukungu unaopumua pale mlangoni, na nikajua kwamba tangu Januari sikuwa nimefanya jambo lolote pamoja naye. Nilimfanyia tu. Nilimwosha, nilimvisha, nilimlisha. Furaha iliyonishika ilinitia aibu, mwanamke mzima nalia juu ya nyundo.

Kisahani kikalia. Sauti ndogo, kavu, kama kifundo cha kidole.

"Umesikia?" nikasema.

"Nimesikia."

Kikasogea. Unywele tu, halafu zaidi ya unywele. Tinko akaiacha tindo ianguke, akafumba macho, akaegemeza kichwa kwenye gurudumu la Belcho.

Mimi nikaingia tena chini, nikalala chali, nikamalizia kwa vidole. Kilizunguka kwa urahisi sasa, chepesi, kama hakikuwahi kutusumbua. Kikanidondokea mkononi. Ringi yake ilikuwa mahali pake, kwenye mfuo wa kisahani. Nikainua macho kwenye uso wa injini ili nipafute, na pale, bapa, ngumu, ya kijivu, imegandia kwenye chuma, ilikuwako ringi nyingine.

Nililala pale nikiitazama.

Si padri. Si koleo. Walikuwa wamekaza kwa sababu ilikuwa inavuja, na ilikuwa inavuja kwa sababu ya hii. Siku ya Mtakatifu Dimitri filta haikufungwa na mwingine yeyote zaidi ya Tinko, kwa mkono wake wa kulia, ule wenye nguvu. Na nikakumbuka jinsi alivyosimama mlangoni mwa banda siku hiyo na filta ya zamani mkononi, akaigeuza, akaigeuza, akaniuliza, "Hii tunaiweka au tunaitoa?" Tulicheka sana. Tulisema rakia ya mwaka huu ni kali. Kumbe ugonjwa ulikwishaingia uani mwetu mwezi wa kumi, umekaa nasi mezani, na sisi tukanyanyua glasi tukautakia afya.

"Velika?" akaita. "Kuna nini?"

"Uchafu. Napafuta."

Nikaibandua ile ringi kwa ukucha. Ilitoka nzima. Nikaisokomeza ndani ya soksi yangu, nikavuta suruali juu yake. Nilikuwa na akili timamu kabisa wakati ule. Mtu huyu alikuwa ametoka kwenye ukuta wake na ndala, kwa sababu alijua jambo moja tu bado, kwamba yeye ni fundi asiyekosea. Akiijua hii, angerudi ndani mwenyewe, na nisingekuwa na neno la kumrudishia.

Nikatoka. Akanyoosha mkono. "Ringi?"

"Hii hapa," nikasema, nikampa ile iliyokuwa kwenye kisahani.

"Ni hii tu?"

"Ulitaka ngapi? Wewe si Ringi Mbili."

Hakucheka. Aliiweka ringi juu ya goti lake, akaipitisha kidole gumba kuizunguka, polepole, upande wa juu. Halafu akaigeuza akaipitisha upande wa chini. Akarudia upande wa juu. Ringi iliyolalia chuma huwa laini kama kioo. Hilo nilikuwa nalijua na sikulikumbuka mpaka nilipomwona anavyopapasa. Ile ilikuwa na mfuo katikati, mstari uliozama duara zima, ambao chuma hakiwezi kuuchora, ila ringi nyingine.

Nilisubiri. Moyo ulikuwa unanipiga mpaka kwenye soksi.

Akaitia ringi mfukoni mwa koti, akafunga kifungo cha mfuko kwa vidole vya mkono wa kushoto, kazi iliyomchukua muda. "Lete filta mpya," akasema.

Nikaileta pamoja na kitambaa, nikapangusa uso wa injini mpaka ukang'aa. Akaniambia nisogee. Akaingiza mkono wake chini ya Belcho, akapapasa uso ule wote, mzunguko mzima, na tena mara nyingine, macho yake yakitazama mbali kwenye weupe. Kisha akachovya kidole kwenye oili safi, akaipaka ringi mpya. Nikaifunga kwa mkono. Ilipogusa na kubana, mkono wangu wenyewe ukataka kuongeza, mdomo ukafunguka kusema kwa afya.

"Basi," akasema Tinko. "Inatosha hivyo."

Nikamimina oili mpya, nikatandika boksi chini, nikamwasha Belcho. Mabata wakapiga kelele. Tulisubiri injini ipate moto, halafu tukasubiri zaidi. Tinko aliinamia lile boksi kwa muda mrefu. Lilikuwa kavu.

"Kesho ukungu utaondoka mapema," akasema nilipozima. "Udongo una joto tayari. Utaanza na kile kipande cha juu, mimi nitakaa kwenye mtaro nikuambie unavyopinda."

"Sipindi."

"Unapinda kama mkojo wa maksai."

Kisha akaunyanyua mkono wake uliokufa kwa ule ulio hai, akaniletea kifundo. Nyuma ya banda kuna mti mzee wa plamu, na sikuwa nimeona kuwa ukungu umeanza kuuachia. Ulikuwa umechanua wote, mpaka kwenye matawi tuliyodhani yamekufa. Nikaufungua uzi kwa meno, maana vidole vyangu vilikuwa na oili, nikautundika kwenye tawi lililokuwa karibu naye. Ukaacha alama nyeupe kwenye ngozi yake.

"Shemejiii!" Nayden alikuwa anakuja mbio kutoka barabarani, mnyororo begani unalia kama wa mfungwa. "Nimeipata! Alikataa, nikamwambia trekta iko mahututi!" Akapinda kona ya banda, akamwona Tinko juu ya kreti, mnyororo ukaanguka. Alisimama mdomo wazi. Akatazama filta mpya. Akatazama boksi kavu. Nikaona anavyojikaza, anajiandaa kwa tusi litakalokuja, bega moja mbele, uso umeshaanza kutabasamu, maana amelizoea na analipenda kama mtu anavyopenda koti lake.

"Kumbe ilikuwa na nini?" akauliza.

Nikafungua mdomo nitaje padri. Tinko akanitangulia.

"Karibu ukae, Nayden," akasema, akasogea kwenye kreti kumpa nafasi.

Nayden hakukaa. Alimtazama Tinko, akanitazama mimi, tabasamu likamwishia polepole, na nikaona hofu ya kweli machoni mwake.

"Shemeji," akaninong'oneza, "mrudishe ndani. Huyu bado anaumwa."